Mtaa Hauzai Mtoto

Kama umepata kusafiri mwezi wa Julai ukashuka Mbeya mjini saa tisa za usiku, baridi ya huko waijua. Mji umekaa juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wake hupenya hata koti zito. Wewe wajifunga blanketi, waita bodaboda, wakimbilia kwa ndugu yako. Lakini kabla hujaondoka, tazama kwenye baraza la duka lile lililofungwa. Utaona maboksi na mifuko ya salfeti imerundikwa. Utadhani ni takataka zinazongoja gari la jiji. Halafu boksi moja litakohoa.

Ndivyo wanavyolala watoto wa watu pale Mwanjelwa na Kabwe, na ndivyo wengine wanavyolala huko Iringa mjini. Hubanana kama vifaranga wapate joto. Mchana utawaona wakibeba mizigo sokoni, wakiokota chupa na vyuma chakavu, wakingoja makombo kwa mama lishe. Baadhi yao huvuta gundi, maana gundi husahaulisha njaa na baridi kwa muda.

Wengi wetu tukiwaona twafanya moja katika mambo mawili. Ama twatoa shilingi 200 na kuondoka upesi, ama twashika mfuko vizuri na kusema, "Chokoraa hao, angalia simu yako." Yote mawili hayamwondoi mtoto barazani. Leo nataka tufanye jambo la tatu, nalo ni kuuliza: mtoto huyu alitoka wapi? Watu husema kweli kwamba mtaa hauzai mtoto. Yuko mama aliyemzaa, uko ukoo wake, kiko kijiji chake. Na mara nyingi, ndugu msomaji, kijiji hicho ni kama chako na changu.

NJIA YA KUTOKA NYUMBANI

Mtoto hatoki nyumbani kwa siku moja. Kwanza huanza kula peke yake, mbali na wengine. Halafu huacha shule. Halafu hulala siku mbili gulioni bila mtu kumtafuta. Hapo ndipo hupanda lori la viazi au la mbao mpaka Mafinga, Makambako au Uyole. Miji hiyo ya barabarani ndiyo ngazi yake. Akiisha kuizoea, Mbeya na Iringa, hata Dar es Salaam, haimtishi tena.

Ni kitu gani basi kinachomtoa? Sababu ni nyingi, lakini hapa kwetu Nyanda za Juu tatu zajulikana sana.

Ya kwanza ni kufiwa. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2007–08 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, ambao siku zile ulikuwa pamoja na Njombe, watu wazima karibu 16 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati katika nchi nzima walikuwa karibu 6. Hapakuwa na mkoa uliouzidi. Mbeya nao ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana. Tangu mwaka 2004 dawa zimetolewa bure, nazo zimeokoa watu wengi. Mzazi anayemeza dawa zake vizuri aweza kuishi na kuwalea wanawe mpaka wakue. Hata hivyo uchunguzi wa mwaka 2022–23 bado ulikuta mikoa yetu iko mbele ya yote: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa hiyo yatima bado wapo, na makaburi ya miaka ile bado yana watoto waliobaki nyuma.

Na baba akiisha kuzikwa, mara nyingi mambo huwa hivi. Baba mdogo achukua shamba la viazi. Mwingine achukua ng'ombe. Mwingine ang'oa mabati. Mjane aambiwa arudi kwao. Watoto wagawanywa kama vyombo, huyu huku na yule kule. Mwaka wa pili, yule aliyepelekwa kwa watu wasiomtaka hayupo. Ukiuliza, wajibu: "Ni mtundu yule, ametoroka." Hakuna anayetaja ile miti ya mbao aliyoipanda baba yake, ambayo bei yake ingalimsomesha.

Sababu ya pili ni pombe na fimbo. Sote twaujua msimu wa ulanzi. Hakuna ubaya watu kukaa pamoja jioni na kuzungumza. Lakini iko nyumba ambayo, mlango ukigongwa usiku, watoto huruka dirishani kabla baba hajaingia. Mtoto aliyezoea kulala migombani kwa hofu, hushangai akiona baraza la Mwanjelwa ni salama zaidi.

Sababu ya tatu ni kazi za ndani. Kila mwaka wasichana wa Iringa na Njombe huchukuliwa kwenda mijini kulea watoto wa watu na kupika. Mama mmoja mwenye gari hufika kijijini, hutoa kitenge kwa bibi, huahidi shule ya ushonaji, huondoka na binti. Wako wanaotendewa vema. Lakini wako wasiolipwa mshahara miezi na miezi, na wako wanaofukuzwa saa za usiku kwa sababu ya sahani iliyovunjika au mimba waliyopewa na mtu wa nyumba ile ile. Binti huyo hana nauli, hajui njia, na aona haya kurudi kwao mikono mitupu. Atalala wapi?

Wako pia watu wazima: mgonjwa wa akili anayetembea barabarani akiongea peke yake, mlemavu aliyeletwa mjini kuomba, bibi kizee aliyefukuzwa kwa kuitwa mchawi. Nao walikuwa na nyumba, na mlango ukafungwa nyuma yao.

KUWASOMBA HAKUKUMALIZA JAMBO

Wengine husema, "Serikali iwakamate wote, iwarudishe makwao." Si shauri jipya hili. Wakoloni walilifanya Dar es Salaam katika miaka ya 1940 na 1950: waliwakamata waliowaita wahuni na kuwarudisha mashambani. Watu walirudi tena mjini. Mwaka 1983, katika Operesheni Nguvu Kazi, Serikali yetu iliwakusanya mijini watu wasio na kazi na kuwapeleka vijijini wakalime. Nia ilikuwa kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi, na nchi wakati ule ilikuwa katika dhiki kubwa. Lakini wengi wao hawakukaa. Walirudi mjini.

Kwa nini walirudi? Kwa sababu kumsafirisha mtu si kumpa mahali pa kukaa. Kama lililomtoa nyumbani bado lipo, gari litakalomrudisha ni nauli ya bure tu ya kwenda na kuja. Ukimrudisha mtoto kwa mlevi yule yule mwenye fimbo ile ile, kabla ya juma kwisha utamkuta tena Kabwe.

Tena, kulala nje kusihesabiwe kuwa kosa la jinai. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa kuwa hana makazi wala kazi zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zizifute au zizirekebishe. Umaskini haufungwi pingu.

Tutazame nchi ya mbali iliyojaribu njia nyingine. Ufini, huko kaskazini ya Ulaya, baridi yake yaua. Katika miaka ya 1980 watu zaidi ya 15,000 huko hawakuwa na makazi. Zamani waliwapa vitanda vya usiku mmoja, na kumwambia mlevi, "Acha pombe kwanza, ndipo upewe nyumba." Kuanzia mwaka 2008 waligeuza maneno: mpe nyumba kwanza, yenye mlango na ufunguo wake, halafu msaidie kuacha pombe na kupata kazi. Mjini Helsinki bweni moja la vitanda 250 liligeuzwa likawa nyumba ndogo 81 za watu kuishi kabisa. Kufika mwaka 2020 wasio na makazi nchini humo walikuwa wamepungua mpaka 4,300 hivi.

Sisi hatuna fedha za Ufini. Lakini tuna kitu ambacho wao walilazimika kukinunua. Watoto wetu wengi wa mitaani wana mlango tayari. Uko kijijini. Kazi yetu ni kuufungua, na kulitengeneza lile lililoufunga.

WAJIBU WA SERIKALI

Usidhani nasema yote ni ya ndugu, Serikali ikae tu. La. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wajibu wazi. Mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Halmashauri ilinde na kutunza maisha ya kila mtoto aliye katika eneo lake. Haikusema mtoto aliyezaliwa hapo tu, bali aliye hapo. Kwa hiyo mtoto wa Makete anayelala Mbeya ni wa Jiji la Mbeya pia. Sheria hiyo yakataza kumnyang'anya mtoto haki yake katika mali ya mzazi wake marehemu. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata ardhi haina nguvu.

Sheria ni nzuri, lakini sheria haina miguu. Miguu yake ni afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye anayepaswa kumtafuta mtoto barazani, kuzungumza naye siku nyingi mpaka aamini, kuulizia kwao, kwenda kuonana na ukoo, kupatanisha, kumrudisha, kisha kurudi tena na tena kuona kama anakaa vema. Ziara ile ya pili na ya tatu ndiyo humbakiza mtoto nyumbani. Basi diwani wako akija kuomba kura, muulize: kata yetu ina afisa ustawi? Halmashauri imemtengea nauli ya kufika vijijini? Swali hili ni sawa na la barabara na la zahanati.

Iko misaada mingine ya Serikali ambayo watu hawaijui au hawaifuatilii. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umezipa fedha kaya zilizo hohehahe, hata za bibi anayelea wajukuu. Ada imefutwa katika shule za Serikali: shule ya msingi tangu mwaka 2002, mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016. Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa ajili ya mimba anaruhusiwa kurudi darasani. Na sheria yataka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Kijana wa miaka 19 aliyekulia mtaani hawezi kurudishwa kwa baba mdogo kama mtoto wa miaka 9. Yeye ataka ufundi, kikundi na mtaji.

Je, na yule ambaye kwao hapafai kabisa? Sheria imeruhusu familia nyingine, iliyochunguzwa na ustawi wa jamii, impokee na kumlea. Makao ya watoto yawe kimbilio la mwisho, maana mtoto aliyelelewa bwenini mpaka miaka 18 hutoka hana shamba, hana shangazi, hana wa kumwozesha. Hata hivyo makao mema yameokoa maisha. Huko Mgongo, nje kidogo ya Iringa mjini, Wamisionari wa Konsolata walianzisha Nyumba ya Faraja kwa watoto waliokuwa mitaani, wakapata malazi na masomo. Shirika la Railway Children nalo limefanya kazi Mbeya na Iringa kwa kuwatafuta watoto usiku huko huko wanakolala na kuwapatanisha na jamaa zao. Na wenzetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha, mwaka 2003, walianza Neema Crafts mjini Iringa na vijana viziwi 3 tu, wakawafundisha kutengeneza karatasi. Toka hapo walemavu wengi wamepata kazi ya kufuma, kushona na kuhudumia wageni mgahawani. Mtu ambaye tungalimwona akiomba njiani, tumemwona akilipwa mshahara.

WEWE KIJIJINI UFANYE NINI

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa uko kwetu. Haya matano yawezekana hata kwa mtu asiye na senti.

La kwanza: siku ya kumaliza matanga, kabla ya kugawa hata jembe, ulizeni, "Watoto watakaa wapi, na mali yao ataitunza nani?" Andikeni muhtasari, taja shamba kwa mipaka yake, taja mifugo, taja miti. Msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Maneno ya kilioni husahaulika, karatasi hukumbuka. Yule anayepewa mtoto apewe na shamba la mtoto alilime kwa ajili yake, siyo mmoja achukue mtoto na mwingine achukue shamba.

La pili: mtoto wa jirani akikosa shule juma zima, nenda ukaulize. Usiseme, "Si wangu." Mkono mmoja haulei mwana. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo yenu mnajuana nyumba kwa nyumba, na mnajua ni nyumba gani watoto huruka dirishani. Mkiona mtoto anateswa, sheria yataka mtoe habari. Iko Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, na iko namba 116, simu ya bure kwa habari za watoto.

La tatu: usimtoe binti kwa mtu mwenye gari kwa sababu ya kitenge. Sheria ya kazi yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwenye umri wa shule mahali pake ni shule. Aliye mkubwa akienda, ujue jina la mwenye nyumba, mtaa, simu, mshahara na siku ya kulipwa, na mwenyekiti wa kijiji ayajue. Mshonee nauli ya kurudi katika nguo yake. Na umwambie kwa maneno haya: "Lolote likikupata, hata aibu, njoo nyumbani."

La nne: anayerudi mpokeeni. Atakuja na matusi ya stendi na mkono mwepesi. Mkimwita chokoraa siku ya kwanza, siku ya nane ataondoka. Mpeni kitanda, mpeni kuku wa kufuga, mpeni muda. Mwenye akili iliyougua apelekwe hospitali, apewe dawa zake kila siku, asifungwe kamba wala asifukuzwe.

La tano: ukienda mjini na kumwona mtoto barazani, zungumza naye. Muulize jina na kijiji chake. Shilingi 200 ataila asubuhi, lakini jina la kijiji chake, likifika kwa afisa ustawi au kwa mtu wa kwao, laweza kumrudisha.

Sisemi kwamba kazi hii ni nyepesi. Wako watakaotoroka mara tatu kabla ya kutulia. Lakini baraza la Mwanjelwa halitakwisha watu kwa kulimwagia maji usiku, wala kwa kutuma mgambo. Litakwisha watu pale vijiji vinavyolijaza vitakapoacha kulijaza.

Nilisema boksi lilikohoa. Mwenye kikohozi kile ana jina alilopewa na babu yake, na wako watu wanaolijua. Basi, mpenzi msomaji, leo jioni, mkiisha kula na kabla hamjafunga mlango, kaeni na wa nyumbani mwako mhesabu watoto wote wa ukoo wenu, wa marehemu na wa walio hai, mmoja mmoja kwa jina. Je, yuko mmoja ambaye hakuna kati yenu anayejua amelala wapi usiku huu? Kama yuko, kesho asubuhi anzeni kumtafuta.